Kitunguu saumu cha nyumbani Nyanda za Juu Kusini: kipi upande, wapi, na ukile vipi

Katika soko la Sido kule Mwanjelwa, Mbeya, kama ilivyo katika soko la Mashine Tatu mjini Iringa, kitunguu saumu huonekana katika sura mbili ambazo hata mgeni hawezi kuzichanganya. Kimoja ni kidogo, ganda lake limeingiwa na wekundu unaokaribia zambarau, punje zake ni nyembamba na nyingi, na kukimenya humchosha mpishi mwenye haraka. Kingine ni kikubwa na cheupe, punje zake nene hutoka ganda kwa kubonyezwa tu, na aghalabu kimesafiri kutoka China, nchi inayozalisha takribani robo tatu ya kitunguu saumu chote cha dunia. Anayetaka kukipanda nyumbani huanza kwa kuchagua kati ya hivyo viwili, kisha huchagua msimu, mahali pa kupandia na, baada ya kuvuna, namna ya kukitumia kwa ajili ya afya. Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa: kwa sehemu kubwa ya Mbeya, Iringa na Njombe, cha kienyeji kilichopandwa kwenye tuta mwishoni mwa masika ndicho kinachomlipa mwenye nyumba, na mahali pake pa kwanza ni kwenye sufuria ya mboga kabla ya kufikiria vidonge. Hata hivyo, zipo kaya ambazo ushauri huo hauzifai, nazo nitazitaja kila zinapohusika.

Mbegu: cha kienyeji na cheupe cha kuagizwa

Cheupe kinamshawishi mpandaji kwa sababu inayoeleweka. Katika zao hili punje kubwa ndiyo mbegu bora, kwa kuwa kila punje huzaa kichwa kimoja, na akiba ya chakula iliyomo ndani yake ndiyo inayoukuza mche katika wiki za mwanzo kabla mizizi haijashika. Mtu akiona punje nene kama kidole gumba hudhani kwamba itazaa kichwa kikubwa kuliko ile nyembamba ya kienyeji. Kanuni hiyo ni ya kweli ndani ya aina moja: ukiwa na vichwa vya kienyeji, panda punje kubwa za nje na zile ndogo za katikati uzipeleke jikoni. Haivuki, lakini, kutoka aina moja kwenda nyingine.

Sababu ni kwamba kitunguu saumu hakijazi kichwa kwa kutimiza umri tu. Kinahitaji kupitiwa na baridi, kisha kipate mchana wa urefu fulani, na kila aina ina kipimo chake cha mambo hayo mawili. Cheupe kinacholimwa Jinxiang, katika jimbo la Shandong, hupandwa mwezi Oktoba, hupitiwa na majira ya baridi kali, halafu hujaza kichwa katika miezi ya Aprili na Mei, wakati mchana wa huko umeshafika saa 13 na kuendelea. Mbeya iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mchana mrefu kuliko yote hapa, ule wa Desemba, hauzidi sana saa 12 na nusu, na mfupi kuliko yote, wa Juni, haupungui sana saa 11 na nusu. Punje iliyozoea mchana wa Shandong ikipandwa Uyole au Mafinga inaweza kutoa majani ya kupendeza kwa miezi mitano, na siku ya kuing'oa ukakuta shina nene lisilo na kichwa, au kitunguu kimoja cha mviringo ambacho hakikugawanyika punje. Kitunguu hicho kinalika, na wengine hata hukipenda kwa kuwa hakina kazi ya kumenya, ila ni mavuno haba kwa aliyesubiri kichwa kamili.

Lipo jambo jingine ambalo halionekani kwa macho. Baadhi ya kitunguu saumu kinachosafirishwa mbali hutibiwa au huhifadhiwa kwenye ubaridi maalumu ili kisichipue njiani na dukani, hivyo baadhi ya punje hukaa ardhini hadi zioze bila kutoa hata jani moja. Aidha, vichwa vinavyotoka shamba usilolijua vinaweza kubeba ukungu wa kuoza mweupe, ambao ni adui mkubwa wa jamii yote ya vitunguu. Ukungu huo huacha chembe ndogo nyeusi ardhini, na chembe hizo zinaweza kukaa hai zaidi ya miaka 20 zikisubiri mzizi wa kitunguu mwingine. Kuharibu sehemu ya bustani kwa muda wa kizazi kizima, kwa sababu ya kichwa kimoja cha dukani, ni bei ambayo mimi nisingekubali kuilipa.

Cha kienyeji kimeshapita mtihani wa mchana wetu. Kwa kuwa kitunguu saumu hakipandwi kwa mbegu za maua bali kwa punje zenyewe, kila mche ni nakala ya mzazi wake, na vile ambavyo wakulima wameendelea kuvipanda msimu baada ya msimu ni vile vilivyokubali kujaza kichwa katika hali ya huku. Udhaifu wake unatoka palepale: virusi vikishaingia kwenye mche hurithiwa na punje zote, na vichwa huzidi kuwa vidogo kadiri miaka inavyokwenda. Dawa ya mkulima mdogo ni kuchagua. Vichwa vikubwa na vyenye afya vitengwe kwa ajili ya mbegu kabla jiko halijavifikia. Anayekula vikubwa na kupanda vilivyobaki anajipangia mavuno duni kwa mkono wake mwenyewe. Mbegu ya kuanzia itafutwe kwa mkulima wa mwinuko unaofanana na wako, na ikikosekana, vichwa vinavyotoka Mbulu, mkoani Manyara, vinastahili kujaribiwa kuliko cheupe, kwa kuwa navyo vimekulia nyanda za juu zilizo karibu zaidi na ikweta kuliko sisi.

Asiyepata kingine ila cheupe, na ana friji, anaweza kuviweka vichwa humo kwa wiki sita hadi nane kabla ya kupanda, mahali penye ubaridi wa nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi, ili kuvipa kipupwe cha kuigiza. Njia hiyo huongeza uwezekano wa punje kugawanyika, lakini haiondoi tatizo la urefu wa mchana wala la ugonjwa, na kwa hiyo ni vyema vipandwe ndani ya ndoo, mbali na tuta.

Msimu: kuanza na mvua au kumaliza nayo

Mazoea ya huku ni kupanda karibu kila kitu mvua zinapoanza, Novemba au Desemba. Kwa mahindi na maharage ni sahihi. Kwa kitunguu saumu ni kinyume cha kinachotakiwa, maana kichwa kitajaa katika Machi na Aprili, wakati ardhi imelowa, ukungu wa majani umetawala na hakuna jua la kukaushia mavuno. Faida pekee ya kupanda Novemba ni kwamba hutamwagilia.

Kupanda kati ya mwishoni mwa Machi na katikati ya Mei kunageuza hali yote. Punje huota kwa unyevu wa mvua za mwisho, mche hukua ukiwa katika baridi ya Juni na Julai, kichwa hujaa joto linapoanza kurudi, na uvunaji huangukia Agosti hadi Oktoba, miezi mikavu kuliko yote, ambapo kukausha hakuhitaji zaidi ya kivuli na upepo. Gharama yake ni maji ya kumwagilia kuanzia Mei, mara mbili kwa wiki kwenye udongo wa kawaida, na hapo ndipo mwenye bomba uani na anayebeba ndoo kutoka mtoni wanapotofautiana katika hesabu zao. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hupunguza kazi hiyo kwa kiasi kinachoonekana, na pia huzuia magugu, ambayo kitunguu saumu hakiwezi kushindana nayo kwa majani yake membamba. Sakitu ya Njombe, Makete na maeneo ya Uyole, inayounguza viazi kwa usiku mmoja, hukidhuru kidogo tu. Ncha za majani zinaweza kuungua, lakini mche huendelea.

Rungwe inahitaji maelezo ya peke yake. Miteremko ya kule hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na manyunyu huendelea wakati Iringa kumeshakauka. Mwenye bustani Tukuyu asogeze upandaji hadi Mei, ainue tuta zaidi ya mwenzake wa Iringa, na akubali kwamba kutu ya majani atakutana nayo. Kyela na bonde la Usangu ni habari nyingine kabisa: joto la huko linafaa mpunga, nalo kwa kitunguu saumu ni kikwazo kisicho na tiba ya bei nafuu. Vivyo hivyo kwa Ruaha Mbuyuni, ambako kitunguu maji hustawi na kuwatajirisha watu. Kustawi kwa ndugu yake kusimdanganye mtu, kwa kuwa kitunguu saumu hudai baridi ambayo kitunguu maji cha kule hakihitaji. Wakazi wa maeneo hayo wanunue, nami nitarudi kwao mwishoni.

Mahali: tuta, kinyungu au ndoo

Hesabu ndogo inasaidia hapa. Tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita tatu, likipandwa kwa nafasi ya sentimita 20 kati ya mistari na 15 kati ya punje, hubeba punje 100, yaani vichwa kumi hivi vya mbegu vyenye punje nzuri kumi kila kimoja. Yote yakienda vizuri, vichwa 100 vinatosha kaya inayotumia vichwa viwili kwa wiki kwa karibu mwaka mzima, ingawa kumi au kumi na tano kati yake lazima virudi ardhini. Ndoo ya lita 20 ina mdomo wenye upana wa sentimita 30 hivi, na haibebi zaidi ya punje saba au nane kwa raha. Ili kufikia mavuno ya lile tuta dogo utahitaji ndoo zisizopungua 13, kila moja imetobolewa chini na kujazwa udongo mzuri, na kila moja inakauka haraka kwa upepo wa Julai. Salfeti iliyokunjwa mdomo ni nafuu kwa bei na hubeba punje chache zaidi, lakini nayo ina kiu ileile.

Kwa hiyo mwenye kiwanja, hata kidogo, asihangaike na ndoo. Mpangaji wa chumba kimoja Mwanjelwa au Kihesa, ambaye hana ardhi bali ana kibaraza, anaweza kuutazama mmea huu kwa jicho jingine na kulima majani yake. Punje zikipandwa kwa kubanana, sentimita tatu au nne kutoka moja hadi nyingine, hutoa majani ya kijani baada ya wiki chache, nayo yakikatwa yakiwa na urefu wa kiganja hutumika kwenye mayai, maharage na kachumbari, yakiwa na ladha ya saumu iliyopoa. Hapa cheupe cha dukani kinafaa sana, hasa kile kilichokwisha kuchipua, kwa sababu hakidaiwi kujaza kichwa. Ni matumizi ambayo naona yanapuuzwa pasipo sababu.

Kinyungu, yaani bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa kiangazi, ni hazina ya watu wa Iringa na Njombe, na mtu aliye nacho atavutwa kupanda kitunguu saumu humo ili aepuke kumwagilia. Unyevu wa bondeni ni msaada katika Mei na Juni, lakini ardhi inayotuama maji huozesha kichwa. Kama ni lazima, chagua ukingo ulioinuka, panda kwenye tuta la kimo cha goti, na uzingatie kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Kwa maoni yangu kinyungu kibaki kwa mboga za majani na maharage mabichi, na kitunguu saumu kipandwe juu, karibu na nyumba.

Udongo wenyewe huamua mengi. Kitunguu saumu hupenda udongo tifutifu wenye pH (kipimo cha tindikali) ya 6 hadi 7, wakati chai hustawi kwenye udongo wenye tindikali ya pH 4.5 hadi 5.5, kwa hiyo mtu wa Mufindi au Rungwe anayeishi katikati ya mashamba ya chai ajue kwamba ardhi yake inahitaji chokaa ya kilimo, ichanganywe miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda, au majivu ya kuni kwa kiasi kidogo. Samadi iwe imeoza kabisa. Punje hutenganishwa siku ya kupanda, haimenywi, huzamishwa sentimita tatu hadi tano, ncha ikiangalia juu. Mbolea za kukuzia kama urea zikiwekwa kwa kuchelewa huleta majani mengi na vichwa vilegevu. Mahali palipolimwa kitunguu chochote pasirudiwe kabla ya miaka mitatu au minne.

Wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, acha kumwagilia. Dalili ya kukomaa ni majani ya chini kunyauka huku matano au sita ya juu yakiwa bado mabichi. Ukingoja yote yakauke, ganda la nje hupasuka na punje hutawanyika ardhini. Vichwa visioshwe. Vitandazwe kwenye kichanja au vining'inizwe kwa mafungu kivulini, penye upepo, kwa wiki mbili hadi tatu, na vile vya mbegu visiwekwe juu ya mafiga, kwa kuwa joto la moto huviua. Cha kienyeji kilichokaushwa hivyo hukaa miezi mingi kwenye kikapu au wavu.

Mezani: kibichi, cha kupikwa, unga na vidonge

Nguvu ya kitunguu saumu haimo ndani ya punje nzima. Humo mna kiambata kisicho na harufu, na mna kimeng'enya kilichotengwa nacho katika chembe nyingine. Kisu au mchi unapozivunja chembe hizo, viwili hukutana na kuzaa alisini, ile yenye harufu na makali, ambayo Chester Cavallito na John Hays Bailey waliitenga mwaka 1944 nchini Marekani na kuonesha kwamba huzuia bakteria katika maabara. Moto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Ndiyo maana punje nzima iliyotumbukizwa kwenye supu ya kongoro hutoa utamu mpole, na punje iliyotwangwa ikalamwa mbichi huchoma ulimi.

Kati ya hayo mawili ipo njia ya katikati, nayo ndiyo ninayoipendekeza kwa watu wengi: kitwange au kikate kwanza, kiache kwenye kibao kwa dakika kumi hivi wakati unakata nyanya, kisha kitie jikoni mwishoni mwa upishi. Kimeng'enya kinakuwa kimekwisha kumaliza sehemu kubwa ya kazi yake, tumbo haliungui, na familia nzima inakula bila kulazimishwa. Kibichi kina nguvu zaidi, hilo halina ubishi, lakini kumeza punje mbichi asubuhi kabla ya kula, kama wengi wanavyoshauriana, huleta kiungulia na maumivu kwa wenye vidonda vya tumbo. Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mimea ya dawa ya mwaka 1999, lilitaja gramu 2 hadi 5 za kitunguu saumu kibichi kwa siku kwa mtu mzima, kiasi ambacho ni kama punje moja au mbili za kawaida. Hakuna sababu ya kuzidisha.

Harufu, kwa wanaofundisha darasani au kuhudumia watu, ni jambo la kupimwa pia. Haitoki mdomoni peke yake, bali sehemu yake hupita kwenye damu na kutolewa na mapafu, hivyo mswaki hauimalizi. Maziwa au mtindi, ukinywewa pamoja na chakula chenyewe, huipunguza kwa kiasi.

Kuhusu kinachoponywa, tuwe waangalifu. Mafua, ambayo kipupwe cha Mbeya hakiyakosi, yamewahi kupimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 nchini Uingereza: watu 146 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12, na waliotumia kidonge cha kitunguu saumu walipata mafua mara 24, wakati waliopewa kidonge kisicho na kitu walipata mara 65. Matokeo yanavutia, lakini ni utafiti mmoja, washiriki walijiandikia wenyewe dalili zao, na walioshikwa na mafua hawakupona kwa haraka kwa tofauti ya maana. Kwa shinikizo la damu ushahidi ni mwingi zaidi: tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonesha kwamba kwa watu wenye shinikizo la juu, kipimo cha juu hushuka kwa takribani milimita 8 za zebaki. Huo ni msaada wa kweli, ila hautoshi kumfanya mtu aache dawa alizoandikiwa, na sehemu kubwa ya tafiti hizo ilitumia vidonge vyenye kipimo maalumu, si kitunguu cha kwenye mchuzi. Mafuta mabaya katika damu nayo hupungua kidogo. Malaria, kisukari na UVIKO-19 haviponi kwa kitunguu saumu. Mwaka 2020, wakati tangawizi, malimao na saumu vilipogombewa masokoni, Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna ushahidi kuwa kitunguu saumu kinamkinga mtu na virusi vya korona.

Ikiwa tafiti nyingi zimetumia vidonge, je, vidonge si bora? Vina faida moja, kipimo kinachojulikana, na hasara tatu. Bei yake huwezi kuilinganisha na punje ya bustanini, ubora wake hutofautiana kutoka kopo moja hadi jingine, na kwa kuwa vimekolezwa ndivyo vyenye hatari kubwa zaidi ya kugongana na dawa nyingine. Kitunguu saumu hupunguza kuganda kwa damu, kwa hiyo anayetumia warfarini, au aspirini kwa ajili ya moyo, na anayesubiri upasuaji, amweleze daktari kabla ya kuvitumia, na kwa kawaida huelekezwa kuviacha wiki moja au zaidi kabla ya upasuaji. Jambo la pili linaihusu mikoa yetu kwa namna ya pekee, kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya zimekuwa miongoni mwa mikoa yenye maambukizi mengi ya VVU nchini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 nchini Marekani ulionesha kwamba vidonge vya kitunguu saumu vilipunguza kiwango cha sakwinaviri, mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, katika damu kwa karibu nusu. Dawa hiyo siyo inayotumika kwa kawaida leo, lakini somo lake linabaki: anayetumia dawa za kufubaza VVU asianze vidonge au dozi kubwa ya saumu kabla ya kuwauliza wahudumu wa CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU. Saumu ya kawaida ndani ya mboga haina tatizo hilo.

Unga wa dukani nitaupita haraka. Unafaa kwa ladha, unakaa muda mrefu, na thamani yake kiafya hutegemea ulivyokaushwa, jambo ambalo mnunuzi hawezi kulijua kwa kuusoma mfuko. Anayetaka wake mwenyewe akate vipande vyembamba, avikaushe kivulini hadi vikatike kwa kelele, kisha asage.

Namna mbili za kuhifadhi zinazosifiwa sana zinahitaji onyo. Saumu mbichi ndani ya mafuta, ikiachwa kabatini, humpa bakteria wa botulizimu, anayetoa sumu kali kwenye chakula, mazingira anayoyapenda, yasiyo na hewa wala tindikali. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu kadhaa waliugua vibaya kwa kula mchanganyiko wa namna hiyo. Uwekwe kwenye friji na umalizwe ndani ya siku chache, na asiye na friji asiutengeneze. Saumu katika asali apewe mtu mzima, kamwe asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwa sababu asali yenyewe inaweza kubeba bakteria huyohuyo. Na yeyote anayefikiria kumfunga mtoto saumu iliyotwangwa kifuani au miguuni aache, kwa kuwa huunguza ngozi na kuacha malengelenge.

Anayenunua tu

Mkazi wa Kyela, Mbarali au Ruaha Mbuyuni, pamoja na mpangaji asiye na kibaraza, wachague kwa kigezo cha jiko. Kwa mpishi anayepikia watu wengi, cheupe huokoa muda wa kumenya, na kwa kuwa hakipandwi, hofu zote za mchana na ugonjwa hazimhusu. Kwa kaya ndogo inayotaka harufu kali na akiba ya miezi, cha kienyeji kinunuliwe kuanzia Septemba hadi Novemba, mavuno ya kiangazi yanapofika sokoni yakiwa makavu. Chagua kichwa kigumu, kizito kwa kimo chake, ambacho shingo yake imekauka na hakina vumbi jeusi chini ya ganda. Kihifadhi penye hewa, nje ya friji na nje ya mfuko wa nailoni, kama bado unao mmoja uliosalia tangu marufuku ya Juni 2019. Punje ikianza kuchipua, kijani chake hakina sumu. Ukile siku hizohizo, au kitie kwenye kopo lenye udongo dirishani ukate majani.